Miruko ya Wanawake Barafuni: Makali, Mizani na Umri

Makala haya yanadhamiria kufafanua jambo ambalo msomaji wa jarida la Kiswahili huenda asilitarajie humu: jinsi wanawake walio mahiri katika mchezo wa kuteleza barafuni wanavyoruka, na kwa nini miruko hiyo imezua ubishi usioelekea kwisha. Mada hii imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo wenyewe una kanuni za ndani zilizo kali mfano wa arudhi, na sisi tuliozoea kuhesabu mizani hatuna sababu ya kuuogopa. Pili, haujazungumziwa sana kwa Kiswahili, na aghalabu anayejaribu kuueleza hujikuta ameazima maneno ya Kiingereza kabla hajaimaliza sentensi ya kwanza. Barafu ya kuteleza si ngeni kabisa nchini Kenya; mwaka 2005 hoteli ya Panari iliyoko kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi ilifungua uwanja wa barafu wa ndani. Hata hivyo, mambo tutakayoyasimulia yalitendeka mbali na hapa, katika nchi ambazo maziwa huganda kila mwaka na watoto hujifunza kuteleza punde tu wanapojua kutembea.

Kiatu na makali yake

Chini ya kiatu cha mchezaji kuna bapa la chuma lenye upana wa milimita nne hivi. Bapa hilo limechimbwa mfereji mwembamba katikati, kutoka mbele hadi nyuma, hivi kwamba limebaki na makali mawili: ya ndani, yaani yale yanayoelekea mguu wa pili, na ya nje. Mchezaji hatelezi kwa bapa zima. Huegemea upande mmoja, na kwa kuegemea huko huchora tao juu ya barafu. Aidha, kwenye ncha ya mbele ya bapa kuna meno ambayo huweza kuchomekwa barafuni ili kumsukuma mchezaji juu. (Tumelipendelea neno makali badala ya ukingo kwa sababu chuma hiki hukata barafu kwelikweli, anayetaka ushahidi na autazame uwanja baada ya saa moja ya mazoezi.)

Miruko mikuu ni sita. Yote, isipokuwa mmoja, huanza mchezaji akienda kinyumenyume, na yote sita humalizika kwa namna moja: mchezaji hutua kwa mguu mmoja, kwa makali ya nje, akirudi nyuma. Kwa kuwa kutua ni kule kule, kinachoutofautisha mruko mmoja na mwingine ni mwanzo wake. Hapa ndipo jicho la mtazamaji mgeni hupotea. Yeye huikodolea macho mizunguko ya hewani, ilhali jina la mruko lilikwisha kuamuliwa kabla mguu haujaondoka chini.

Tumchukue mchezaji anayezunguka kuelekea kushoto, kama wafanyavyo wengi. Miruko yake mitatu haitumii meno. Salchow huanzia kwenye makali ya ndani ya mguu wa kushoto. Lupu huanzia kwenye makali ya nje ya mguu wa kulia, miguu ikiwa karibu kupishana kama ya mtu anayeketi kitini. Nayo Axel huanzia kwenye makali ya nje ya mguu wa kushoto, mchezaji akiwa ameelekeza uso mbele. Mitatu mingine hutumia meno ya mguu wa pili: tolupu, flipu na Lutz. Kwa vile Axel huanza mbele na kuishia nyuma, daima huwa na nusu mzunguko wa ziada. Anayeambiwa kwamba fulani ameruka Axel ya mara tatu na ajue kwamba mizunguko ni mitatu na nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyowashinda wengi.

Majina yenyewe yana historia. Axel Paulsen wa Norwe aliuonyesha mruko wake jijini Vienna mwaka 1882. Ulrich Salchow wa Uswidi aliuruka wa kwake mwaka 1909. Alois Lutz wa Austria akafuata mwaka 1913. Lupu nayo Wajerumani na Warusi huiita Rittberger, kwa heshima ya Mjerumani Werner Rittberger. Hapana hata jina moja la mwanamke katika orodha ya miruko mikuu. Wanawake wameachiwa majina ya mapozi na ya kuzunguka papo kwa papo, kama ule mzunguko wa Biellmann ambapo mchezaji huuvuta mguu wake kwa nyuma hadi juu ya kichwa. Denise Biellmann wa Uswisi, aliyeupa mzunguko huo jina, ndiye pia mwanamke wa kwanza kuruka Lutz ya mara tatu mashindanoni, mwaka 1978. Ulimwengu umemkumbuka kwa pozi. Mruko wake wanaukumbuka wachache.

Mruko guni

Lutz na flipu hufanana kama kurwa na doto. Zote mbili huanza mchezaji akirudi nyuma kwa mguu wa kushoto, zote mbili huchomeka meno ya mguu wa kulia. Tofauti ni makali tu: flipu ni makali ya ndani, Lutz ni makali ya nje. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Makali ya ndani huchora tao linaloelekea upande ule ule ambao mwili utazunguka, na hivyo tao lenyewe humsaidia mchezaji. Makali ya nje huchora tao linaloelekea upande wa pili. Kwa hivyo anayeruka Lutz huja akipinda kulia, kisha sharti auvunje mwendo huo na kuzunguka kushoto. Ndiyo maana utamwona akiteleza kitambo kirefu kuelekea kona ya uwanja, mgongo ukitangulia, akiangalia begani: anajitahidi kubaki juu ya makali ya nje hadi nukta ya mwisho.

Wengi hawawezi. Katika lahadhi ile ya kuchomeka meno mwili hutamani njia rahisi, kifundo hulegea, na bapa hulalia makali ya ndani. Mruko ulioanza kama Lutz ukaruka kama flipu. Mshairi wa mapokeo angeuita guni: umbo la nje lipo, mizunguko imetimia, lakini kanuni ya ndani imevunjwa. Kwa mujibu wa utaratibu wa alama unaotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza (ISU), Lutz ya mara tatu ina thamani ya msingi ya 5.9 nayo flipu 5.3, ikiwa makali ni mabaya, thamani hupunguzwa na majaji hukata alama zaidi.

Mizani nayo huhesabiwa. Mruko ukipungukiwa na robo ya mzunguko au zaidi, huwekewa alama maalum. Ukipungukiwa na nusu au zaidi, hushushwa daraja na kuhesabiwa kama mruko wenye mzunguko mmoja pungufu. Waamuzi wa kiufundi huitazama picha polepole, mara mbili au tatu, wakiukagua mguu unapogusa barafu. Utaratibu huu ulianza kutumika baada ya kashfa ya majaji katika Michezo ya Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002, na kufikia mwaka 2004 ISU ilikuwa imeuweka mahali pa ule wa zamani wa alama sita. Wapo walioulalamikia kwa maneno ambayo mwanafunzi wa ushairi atayatambua mara moja: kwamba kuhesabu kumeua roho ya sanaa. Sisi hatuafiki. Arudhi haikumzuia malenga yeyote kuwa malenga, na aliyekuwa akiruka guni chini ya utaratibu wa zamani alikuwa akilipwa sawa na aliyeruka sahihi.

Pia na upana wa mwili

Mruko wa mara tatu wa mwanamke huchukua takriban sehemu sita za kumi za sekunde hewani. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, anayekaa hewani kwa muda huo amepanda sentimita 44 hivi. Je, akitaka kukaa sehemu saba za kumi? Sharti apande sentimita 60. Yaani sehemu moja tu ya kumi ya sekunde humgharimu sentimita 16 za ziada, na misuli ya binadamu haiuzwi dukani. Mruko wa mara nne basi hauwezi kutegemea kimo peke yake. Sharti mchezaji azunguke upesi zaidi.

Kila mtoto aliyecheza na pia anajua kwamba iliyo nyembamba na iliyosimama wima huzunguka vizuri. Mchezaji anapoondoka chini mikono imetanda na mguu mmoja umeachana na mwenzake. Mzunguko aliouchukua barafuni hauongezeki tena akiwa hewani, kwa kuwa hapana cha kuusukuma. Anachoweza ni kuubana. Huivuta mikono kifuani, huipishanisha miguu vifundoni, na mwili uliokuwa ukizunguka polepole huenda mbio hadi mizunguko mitano au sita kwa sekunde. Anapokaribia kutua huifungua mikono na mguu wa pili, na kasi hupungua. Kinachoamua ni jinsi uzito wa mwili ulivyo karibu na mhimili wake. Na athari ya umbali ni ya kipeo cha pili, hivi kwamba upana mdogo unaoongezwa mabegani au nyongani hugharimu kasi nyingi.

Hapo ndipo lilipo fumbo la miruko ya wanawake. Mvulana anapobaleghe huongezeka misuli ya miguu, na alichopoteza kwa kupanuka mabega hukipata kwa kimo cha mruko. Msichana anapobaleghe nyonga hupanuka na uzito huongezeka bila fidia ya kiasi hicho. Ufundi aliojengewa akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu huenda usimfae afikapo kumi na saba. Si kwamba amesahau. Mwili uliofundishwa si huu alio nao.

Mbinu nyingine hupunguza deni hilo. Mchezaji huweza kugeuza mwili ukiwa bado barafuni kabla ya kuondoka, hivyo akawa amekula sehemu ya mzunguko wa kwanza chini. Kiasi fulani cha kugeuka huko hakiepukiki, hasa katika Salchow na lupu, ambazo haziwezi kurukwa bila kugeuza bapa. Ubishi ni juu ya kiasi gani kivumiliwe. Kwa miaka mingi waamuzi wamekuwa wakali zaidi kwa mguu unaotua kuliko kwa mguu unaoondoka, na kwa maoni yetu huo ni upungufu wa haki: mshairi anayepunguza mizani mwanzoni mwa mshororo amekosa sawa na anayepunguza mwishoni.

Waliokatazwa na walioruka

Ni rahisi kusoma maelezo hayo ya fizikia na kuhitimisha kwamba wanawake walichelewa kuruka kwa sababu ya maumbile. Historia inakataa. Mwaka 1902 Madge Syers wa Uingereza alijiandikisha katika mashindano ya dunia kwa kuwa kanuni hazikuwa zimesema popote kwamba mshiriki lazima awe mwanamume. Akawa wa pili, nyuma ya Salchow mwenyewe. Katika Olimpiki ya Antwerp ya mwaka 1920, Mmarekani Theresa Weld aliruka Salchow ya mara moja, na majaji wakamwonya kwamba kuruka namna ile hakumstahiki mwanamke, kwani sketi ilipepea hadi magotini. Alipata nishani ya shaba. Kwa hiyo kizuizi cha kwanza hakikuwa nyonga. Kilikuwa kitambaa na macho ya waliokitazama. Sonja Henie wa Norwe, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1928, 1932 na 1936, alivaa sketi fupi na akaruka bila kuomba radhi.

Baada ya hapo ngazi ilipandwa. Cecilia Colledge wa Uingereza aliruka mruko wa mara mbili mashindanoni mwaka 1936. Mmarekani Carol Heiss akaruka Axel ya mara mbili mwaka 1953. Petra Burka wa Kanada Salchow ya mara tatu mwaka 1962. Biellmann tumekwisha kumtaja.

Midori Ito wa Japani anastahili kutajwa kwa kirefu. Mwanamke huyu mwenye kimo cha sentimita 145 hivi aliruka Axel ya mara tatu mashindanoni mwaka 1988, wa kwanza miongoni mwa wanawake wote, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia jijini Paris, wa kwanza kutoka bara la Asia. Anayeitazama miruko yake leo hushangazwa na jambo moja: Ito hakuwa akitegemea wembamba. Aliingia kwa kasi kubwa, akapanda juu mno, na mara nyingi alikuwa amekwisha kufungua mikono hata kabla ya kutua. Ule ulikuwa ufundi wa nguvu, wa goti linalokunjika na kukunjuka kwa wakati wake. Katika Olimpiki ya Albertville ya mwaka 1992 alianguka alipoijaribu Axel hiyo mara ya kwanza katika onyesho huru. Angeweza kuiacha. Badala yake aliirudia mwishoni mwishoni, miguu ikiwa imechoka, akatua, akawa mwanamke wa kwanza kuiruka Olimpiki. Dhahabu ilimwendea Mmarekani Kristi Yamaguchi, ambaye hakuwa na Axel ya mara tatu.

Surya Bonaly wa Ufaransa, mchezaji Mweusi na bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, aliijaribu miruko ya mara nne mapema miaka ya 1990. Haikutimia mizunguko, na ukweli huo hauna budi kusemwa. Lakini lugha iliyotumiwa kumhusu, kwamba ana nguvu bali hana madaha, haikuwa lugha ya kupima mizunguko. Mjini Nagano mwaka 1998, akiwa ameumia na hana tena tumaini la nishani, alipiga sarakasi ya kupinduka kinyumenyume iliyokuwa imepigwa marufuku, akatua kwa mguu mmoja. ISU iliondoa marufuku hayo mwaka 2024.

Mwaka 2010 mjini Vancouver hoja ya Ito na Yamaguchi ilirudi kwa sura nyingine. Mao Asada wa Japani aliruka Axel za mara tatu tatu katika shindano moja, jambo ambalo mwanamke hakuwa amelitenda Olimpiki. Kim Yuna wa Korea Kusini hakuruka hata moja, akamshinda kwa alama 228.56 dhidi ya 205.50. Wapo walionung'unika. Lakini Kim aliiruka Lutz yake ya mara tatu kwa makali ya nje yasiyo na shaka, akaiunganisha papo hapo na tolupu ya mara tatu bila kupunguza mwendo, ilhali Asada alikuwa akionywa mara kwa mara kuhusu makali ya Lutz yake.

Mara nne, na kwa umri gani?

Mjapani Miki Ando aliruka Salchow ya mara nne mwaka 2002 katika mashindano ya vijana, akiwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka mingi alibaki peke yake. Kisha mwaka 2018 Alexandra Trusova wa Urusi, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, akaruka miwili katika onyesho moja, na lango likafunguka. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, Trusova, sasa wa miaka kumi na saba, aliruka mitano katika onyesho huru. Aliongoza onyesho hilo kwa alama 177.13 na bado akapata fedha, kwa kuwa siku mbili kabla alikuwa ameanguka akijaribu Axel katika onyesho fupi. Anna Shcherbakova alitwaa dhahabu kwa tofauti ya alama 4.22. Mwenzao Kamila Valieva, wa miaka kumi na mitano, alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka mara nne Olimpiki. Matokeo yake yalifutwa mwaka 2024 na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kwa sababu ya dawa iliyokatazwa iliyopatikana katika kipimo cha Desemba 2021.

Shaba ilimwendea Kaori Sakamoto wa Japani, wa miaka ishirini na mmoja, asiyekuwa na mruko wa mara nne wala Axel ya mara tatu. Axel yake ya mara mbili ni mruko ambao kwa hesabu ni wa kawaida, lakini huanza kwa kasi ya ajabu, huvuka eneo pana la barafu, na humalizika akiwa bado anakwenda mbio. Sakamoto alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022, 2023 na 2024.

Swali lililobaki baada ya Beijing halikuwa kama wanawake wanaweza kuruka mara nne. Lilikuwa kama ni haki kuujenga ufundi juu ya mwili ambao bado haujakua, ukarudiarudia kutua kwa mguu mmoja kwa uzito unaozidi ule wa mwili mara kadhaa, kisha kumwacha msichana mifupa yake inapobadilika. Juni 2022 mkutano wa ISU ulipiga kura kuuongeza umri wa chini wa kushiriki mashindano ya watu wazima kutoka miaka 15 hadi 16 katika msimu wa 2023-24, na hadi 17 kuanzia msimu wa 2024-25. Wapinzani walisema kanuni hiyo inawanyima wasichana wakati wao bora. Hoja hiyo ina uzito, lakini inakiri jambo ambalo wasemaji wake huenda hawakulikusudia: kwamba wakati huo bora, kwa ufundi unaofundishwa hivyo, huisha kabla ya utu uzima.

Ni vigumu kuipima athari ya kanuni hiyo kwa haki, kwa kuwa Machi 2022 wachezaji wa Urusi walizuiwa kushiriki kutokana na vita vya Ukraine, na wao ndio waliokuwa na miruko mingi ya mara nne. Lakini mfano mmoja unajitenga na suala la Urusi. Mmarekani Alysa Liu alikuwa bingwa wa nchi yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka 2019, mwaka ule ule, akaruka Lutz ya mara nne katika mashindano ya vijana. Alistaafu mwaka 2022 akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka 2024 alirejea kwa hiari yake, mwili ukiwa mwingine. Machi 2025, jijini Boston, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alitwaa ubingwa wa dunia mbele ya Sakamoto. Hakuruka mruko wa mara nne hata mmoja, wala Axel ya mara tatu.